Wikiendi ya Tope, Hema na Noti za Dereva

Nianze na ninyi kina dada, maana najua mnachowaza. Mkisikia mwanamke ametoka Karatu saa kumi alfajiri, akavuka mpaka wa Namanga na kwenda kulala kwenye hema Naivasha siku nne ili aone magari yakimpita kwa sekunde tano tano, mnasema huyo kalazimishwa na mume. Hapana, mwenzangu. Kati yetu wawili, mshabiki ni mimi. Yeye ndiye niliyemlazimisha!

Ugonjwa huu ulinianza nikiwa darasa la sita, Julai 2002, baba yangu alipokuwa akisikiliza redio ya Kenya pale nyumbani Moshi. Colin McRae alishinda Safari Rally na Ford Focus yake. Harri Rovanperä wa Finland akawa wa pili. Sikujua kwamba nilikuwa nasikia ya mwisho. Baada ya mwaka ule Safari ilitolewa kwenye mashindano ya dunia, haikurudi hadi Juni 2021. Miaka kumi na tisa! Ndani ya muda huo nilimaliza shule, nikasoma chuo, nikapata kazi ya uhariri Dar, na nikaolewa na dereva.

Msichanganye, si dereva wa rali. Mume wangu ni dereva wa watalii Karatu. Anaendesha Land Cruiser ya dizeli, lita 4.2, na analipwa kwenda taratibu. Ukishuka kreta ya Ngorongoro naye anaweza kusimama nusu saa kwa ajili ya ndege mmoja. Mimi napenda spidi, yeye anapenda kusimama. Watu huuliza tulikutanaje. Hiyo ni stori ya toleo jingine.

Pale Karatu rali si jambo geni kama mnavyodhani. Baba mkwe wangu ni wa enzi zile Karatu ikiwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Safari ilizaliwa mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima: Kenya, Uganda na kwetu. Miaka ya 1960 magari yalikuwa yakipanda hadi milima ya Mbulu, kwenye tope la masika. Mzee anasimulia jinsi yeye na watoto wenzake walivyosukuma Peugeot iliyokwama mpaka ikatoka, wakarudi nyumbani wekundu kuanzia kichwani hadi miguuni, na mama yake akawachapa wote bila kuuliza nani alianza. Jina la Bert Shankland bado analitaja kama mtu anayemtaja mchezaji wa Simba au Yanga. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi Tanzania, na alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya tisini, yakamaliza saba tu. Saba! Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki ya Kenya peke yake, Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa, na watoto wa Mbulu wakakosa cha kusukuma.

Sasa nije kwenye yetu. Tulifunga ndoa mwaka 2020, na tangu siku ya kwanza tukaishi kama watumishi wa serikali waliopangiwa mikoa tofauti. Mimi Dar, yeye Karatu. Wengi wenu mnayajua maisha haya: ndoa ya simu, wikiendi moja kwa mwezi, na ugomvi unaoahirishwa kwa sababu bando limeisha. Juni 2021, wikiendi ileile Safari iliporudi, tulikuwa tumepiga hema pale Simba, kambi iliyo ukingoni mwa kreta. Kama hujalala Simba mwezi wa sita hujui baridi ni nini. Uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ukungu unaingia mpaka ndani ya soksi, na punda milia wanakula majani karibu na kamba za hema kama mbuzi wa jirani. Mimi nilikuwa nahangaika na mtandao nijue Sébastien Ogier kafika wapi (alishinda), na yeye akawa anachochea moto. Ghafla akasema, "Mke wangu, andika."

Mimi mhariri, nikiambiwa andika naandika. Akanitajia mambo matatu, nikayaweka kwenye simu kwa maneno yake. Moja, mwaka wa tatu tutakuwa nyumba moja, popote itakapokuwa. Mbili, hakuna kuchukua kazi ya mbali zaidi ya Karatu kabla hatujakaa chini. Tatu, kiwanja cha Rhotia kijengwe, kisiuzwe. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ametulia, ameshiba, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Februari 2024 alinipigia simu. Kambi moja ya kaskazini ya Serengeti ilikuwa inamtaka awe mkuu wa madereva. Mshahara mzuri, lakini wiki sita porini ndipo upate mapumziko. "Tutaongea," akasema. Tukaacha kuongea. Mwezi mzima tukaulizana hali ya hewa. Ndipo nikamwambia: Pasaka twende Naivasha.

Kwa madereva wa Karatu Pasaka ya mwaka ule iliangukia vizuri, mwisho wa Machi, wageni wameanza kupungua na mvua zimekaribia. Tuliondoka Alhamisi tarehe 28. Kutoka Karatu unashuka Mto wa Mbu, unapita Makuyuni na Arusha, unatoka Namanga, unapita Nairobi, kisha unashuka tena bonde lilelile la ufa hadi Naivasha. Ni kama kilomita mia tano. Ukitaka kwenda, beba pasipoti, karatasi za gari na bima inayokubalika Kenya, na usifike Namanga mchana wa sikukuu ukitegemea huruma ya mtu. Beba mabuti ya mvua. Beba koti. Mtu wa Dar haamini baridi ya Naivasha mpaka imkute saa tisa usiku huku kiboko anakula nyasi ng'ambo ya uzio. Mwenzangu alilala fofofo. Mimi nilihesabu kila alichotafuna yule mnyama.

Ijumaa tulikuwa Kedong, kipande kirefu, kama kilomita 31. Vumbi la pale ni laini kama unga wa sembe, na mvua ikinyesha linakuwa uji. Helikopta inatangulia, kisha unasikia gari kabla hujaliona, kisha limeshapita na wewe umekula udongo. Mume wangu alisimama mikono nyuma, kama mkaguzi. Gari la tatu lilipopita akaniuliza, "Hiyo Toyota ni ya lita ngapi?" Nikamwambia 1.6. Akacheka mpaka machozi. Toyota zenyewe zilikuwa zimefungwa mabomba ya kuvutia hewa juu, kama Land Cruiser zetu, ili zivuke maji bila kunywa. Hapo ndipo alipoanza kupenda. "Kumbe hawa ni ndugu zangu," akasema.

Lakini kilichotuteka ni Jumamosi jioni, pale mjini Naivasha, kwenye uwanja wa mafundi. Timu zote zinaweka mahema yao pale, kwenye viwanja vya taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, na ukipata nafasi nzuri kwenye kamba unaona kila kitu. Nje kuna nyama choma, vijana wa Nairobi wenye bendera mashavuni, na wauza kofia wanaokuita "customer" hata kabla hujawaangalia. Ndani kuna kimya cha hospitali. Gari linaingia limevaa tope, bampa linaning'inia. Wanalipandisha, matairi yanatoka, shokapu zinatoka, na saa kubwa inahesabu dakika 45. Kila dakika ya kuchelewa ni adhabu ya sekunde kumi. Hakuna anayepiga kelele, wala anayeuliza spana namba kumi na tatu iko wapi. Mume wangu amekaa gereji nyingi za Karatu, ambako gari la mtalii linaweza kusubiri bolti mpaka jua lizame. Alitazama magari matatu mfululizo bila kusema neno.

Tulisimama karibu na kijana mmoja wa Nakuru aliyejua rali kuliko mimi, na mimi najua. Akatueleza kwamba gari likiharibika njiani fundi haruhusiwi kuligusa. Ni dereva na msoma ramani wake tu, kwa vifaa walivyobeba ndani ya gari. Mume wangu akauliza kuhusu msoma ramani, kwa sababu alikuwa anamuonea huruma. "Huyu anayesoma, njia kaijulia wapi?"

Kijana akamweleza. Kabla ya mashindano wanapita kila kipande mara mbili tu, mwendo wa kawaida. Dereva ndiye anayesema: kona hii kali, pale kuna jiwe, hapa usikate ndani. Msoma ramani anaandika. Siku ya mashindano dereva anakimbia, macho yamejaa vumbi, hawezi kukumbuka chochote, na mwenzake anamsomea.

"Kwa hiyo anasomewa maneno yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe, mzee. Aliyasema akiwa ametulia."

Mume wangu akanitazama, kisha akatazama gari. Mimi sikusema kitu, nawaapia. Lakini nilijua kile kilichokuwa kwenye simu yangu, na yeye alijua kwamba najua.

Kuna kitu huwa sikipendi kwenye kurasa kama hizi zetu, pale kila jambo linapogeuzwa fundisho la ndoa. Mpira ni ndoa, mapishi ni ndoa. Kwa hiyo nisiwauzie kwamba rali ni ndoa. Msoma ramani analipwa, na akichoka anahama timu! Nilichokiona pale ni kidogo zaidi ya hicho: yule mwanaume kwenye usukani hajifanyi kwamba akiwa kwenye mwendo ana akili kuliko alivyokuwa jana yake akiwa taratibu. Anakubali kuambiwa. Na mwenye daftari haongezi neno lake. Hilo la pili ndilo lililonikaa, maana kwenye simu zetu za Februari na Machi nilikuwa na maneno yangu mengi sana ya kuongeza.

Jumapili ya Pasaka tulikuwa Hell's Gate, chini ya ile miamba myekundu, Kalle Rovanperä alipomaliza wa kwanza, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Takamoto Katsuta. Adrien Fourmaux akawa wa tatu. Kalle ni mtoto wa yule Harri niliyemsikia redioni mwaka 2002. Baba alitoka wa pili, mtoto alikuwa ameshashinda mwaka 2022, na sasa akashinda tena akiwa na miaka 23. Nikampigia baba yangu Moshi. Akasema, "Sasa hivi magari yanasinzia, zamani walikuwa wanakimbia mchana na usiku." Sawa, baba.

Usiku ule mvua ilianza. Tulikuwa ndani ya hema, chai ya rangi kwenye chupa, tochi imening'inizwa juu. Nikatoa simu. Nikamwambia, "Baba, nikusomee noti zako?" Akajua. Akasema soma.

Nikasoma yote matatu, bila kuongeza. Kwa kweli ilinitoka jasho kunyamaza pale kwenye namba mbili. Alikaa kimya muda mrefu, mvua inapiga turubai. Kisha akasema, "Rudia. Taratibu." Nikarudia. Akaniuliza kama pale kwenye "nyumba moja" alisema Karatu au alisema popote. Nikamwonyesha: popote itakapokuwa. Tulizungumza mpaka karibu alfajiri, na si kwa upole wakati wote. Alinieleza kitu ambacho simu haikuwahi kukibeba, kwamba mshahara ule alikuwa anautakia ile nyumba ya Rhotia, ambayo kwa mwendo wa wakati ule tungeiezeka tukiwa wazee. Hela ya lenta ingetoka wapi? Nami nikamwambia kwamba nyumba nitakayokaa peke yangu siihitaji, ninayo moja ya kupanga Dar.

Kazi ya Serengeti aliikataa mwezi wa tano. Mimi nikaomba kufanya kazi wiki mbili Dar, wiki mbili Karatu. Ofisini waliguna, wakakubali kwa majaribio. Hela imepungua, sitawadanganya. Nyumba ya Rhotia imefika kwenye lenta na imesimama hapo, mabati bado ni hadithi. Kuna siku nahariri kurasa zenu umeme umekatika na nimekaa kwenye kiti cha mbele cha Land Cruiser, kompyuta imechomekwa kwenye gari, na mwenye gari amesimama dirishani ananiuliza kama dizeli yake nitairudisha kwa makala.

Yeye sasa ndiye anayefuatilia kalenda ya rali kuliko mimi. Anataka siku moja tumchukue na baba yake. Mzee amekubali kuja, ila ana masharti mawili: asilazwe kwenye hema, na gari likikwama asiambiwe asukume.