Kilo ya Shambani si Kilo ya Pakiti

Wasee, hii ni ya kila kijana wa Nyeri, Othaya au Karatina anayetaka kuuza kahawa ya kwao kwa pakiti yake mwenyewe. Logo kali haitakuokoa kama programu yako ya hesabu inaruka hatua za katikati.

Wengi huingiza hivi: malighafi ni cheri, bidhaa ni pakiti. Imeisha hiyo. Lakini kahawa hairuki kutoka mtini hadi kwa pakiti. Fakitori inamenya cheri, inachachusha, inaosha na kuanika. Unapata pachimenti, ile bado ina ganda jembamba. Kinu kinakoboa ganda, unapata kahawa safi. Hiyo ndiyo inakaangwa. Pachimenti na kahawa safi ni bidhaa za kati, na mimi nasema kila moja ipewe mstari wake na gharama yake. ERPNext, programu ya bure, inakubali resipe ndani ya resipe namna hiyo.

Chukua mfano. Umenunua cheri kilo 100 kwa shilingi 100 kila kilo. Hiyo ni 10,000. Pachimenti inatoka kama kilo 20, kwa hivyo kilo moja tayari ni 500. Ikikobolewa zinabaki kama kilo 16: 625. Ukikaanga, maji yanatoka, unabaki na 13 na nusu hivi: 740. Na bado hujalipa kibarua, stima wala pakiti yenyewe.

Ukiruka hatua, mwisho wa mwezi unaona hasara tu, hujui imetokea wapi. Ukiwa na mistari, kinu kikikurudishia kilo 14 mahali ulitarajia 16, unajua mlango wa kubisha.

Halafu kahawa safi haiwi ya aina moja. Kinu huipanga kwa madaraja: AA, AB, PB, C na mengine. Ukigawa gharama kwa kilo tu, C itaonekana ya hasara na AA itaonekana dhahabu. Gawa kulingana na bei ya kila daraja.

Sasa, hii si story ya wafanyabiashara pekee. Mnada wa Nairobi hutaja bei kwa dola, kwa gunia la kilo 50 za kahawa safi. Mzazi wako analipwa kwa kilo ya cheri. Gunia moja limekula cheri zaidi ya kilo 300. Bila hatua za katikati, aliyelipwa vizuri na aliyeibiwa wote watalalamika sawasawa, na mwizi atajificha katikati ya hizo kelele.

Kwa hivyo mkutano wa sosaiti ukiitwa, msindikize mzee. Ulizeni kilo za cheri, za pachimenti na za kahawa safi, kila moja kivyake. Kisha ndio muulize bei.