Sikio la Mpiga Gitaa Jukwaani

Mwamba ngoma, walinena wahenga, ngozi huivutia kwake. Methali hii huthibitika jukwaani bendi inapotumbuiza. Mpiga gitaa huongeza sauti ya amplifaya yake kwa kuwa hajisikii. Mpiga besi naye, akiona amefunikwa, huongeza yake. Mpiga ngoma huzidisha nguvu za mikono. Mwimbaji, asiye na silaha ila koo lake, humpungia fundi wa mitambo mkono aongezwe. Baada ya nyimbo tatu kila mmoja ameongeza, na hakuna anayejisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwanzoni. Hadhira, aghalabu, humlaumu fundi au hudhani kuwa bendi haikufanya mazoezi. Chanzo halisi hawakioni: wasanii wale hawasikizani.

Ni vipi mtu ashindwe kusikia gitaa alilolishika mwenyewe? Spika kubwa za ukumbini huelekezwa kwa hadhira, nao wanamuziki husimama nyuma yake. Kinachowafikia ni mvumo mzito na mwangwi uliogonga ukuta wa mbali na kurudi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio umbali wa mita 34 huirudisha baada ya moja ya tano ya sekunde. Kwa mpiga gitaa ambaye vidole vyake vinakimbizana na ngoma, muda huo watosha kumpoteza njia. Ndiyo maana huwekewa monita, yaani spika ndogo iliyolazwa sakafuni ikimwelekea yeye, ikimletea mchanganyiko wake wa sauti tofauti na ule unaoipata hadhira.

Kifaa hiki hakikuwapo tangu jadi. Mnamo tarehe 15 Agosti 1965, kundi la The Beatles lilitumbuiza mbele ya watu wapatao 55,600 katika uwanja wa Shea, New York, bila monita. Mayowe yaliwafunika vijana wale wanne hata wakashindwa kujisikia. Mwaka uliofuata waliacha kabisa ziara za muziki, na hali ile ya kupiga bila kusikia ilikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa muziki wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Katika benga, gitaa la solo huitikia sauti ya mwimbaji, kisha uimbaji unaponyamaza hulichukua jukwaa lote. Katika rumba iliyotoka Kongo, gitaa la solo, la mi-solo na la ridhimu husukwa pamoja mithili ya ukili: kila moja hujaza mwanya ulioachwa na jingine. Mpiga solo asiyemsikia mwenzake wa ridhimu hana mwanya wa kuujaza. Kumletea gitaa lake peke yake katika monita, hata kwa sauti safi namna gani, ni kumpa nusu ya kazi.

Fundi mzoefu, basi, haanzi na monita. Huanza na amplifaya. Ikiwekwa sakafuni nyuma ya mpigaji, ukali wa sauti yake hupita kando ya magoti na kuwachoma watazamaji wa safu ya mbele, ilhali mwenyewe husikia mvumo usio na makali na kuzidi kuongeza. Amplifaya hiyohiyo ikiinuliwa juu ya kiti au kuinamishwa itazame uso wake, huenda asihitaji gitaa lake katika monita hata kidogo. Hapo ndipo fundi humwuliza anahitaji kumsikia nani. Huanza na monita iliyo kimya, akaongeza sauti ya mwimbaji, kisha gitaa la ridhimu, kisha ngoma kubwa kwa kiasi cha kushika mwendo. Mpigaji akilalamika kwamba hamsikii mwenzake, fundi hodari hutazama kwanza ni nini cha kupunguzwa. Isitoshe, huhakikisha kwamba sauti iendayo kwenye monita inachotwa kabla ya kufikia kidhibiti cha sauti ya ukumbini, ili anapolipandisha gitaa kwa ajili ya hadhira asimshtue mpigaji.

Kuna adui mwingine: mluzi. Maikrofoni ikisikia monita, sauti huzunguka ikijiongeza mpaka ukumbi mzima uzibe masikio. Maikrofoni nyingi za waimbaji huwa kiziwi upande wa nyuma, hivyo monita huwekwa upande huo. Zipo nyingine ambazo uziwi wake uko pembeni mwa nyuma, na kwa hizo monita husogezwa kando. Ukumbi ukijaa, miili ya watu hunywa sauti, na mizani iliyopimwa alasiri ukumbi ukiwa mtupu hubadilika usiku.

Fauka ya hayo, kuna gharama isiyodaiwa papo hapo. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hupendekeza kwamba mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupunguzwa kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 zina dakika 15 tu. Bendi ya klabu hupiga usiku kucha, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki. Monita za kuvaa masikioni huweza kusaidia kwa kuwa huzuia kelele za nje, lakini huokoa tu akizipunguza mvaaji. Pete Townshend, mpiga gitaa wa kundi la The Who la Uingereza, aliripotiwa mwanzoni mwa 2006 akilaumu hasa vipokea sauti vya masikioni alivyotumia studioni kwa kuharibika usikivu wake. Sikio likishakufa halina dawa, wala halihitaji methali kulisuta.

Yote haya hutegemea lugha. Mpiga gitaa hasemi kwamba mitetemo ya kati ya 2,000 na 4,000 kwa sekunde imezidi. Husema sauti ni kali. Ikivuma huku chini, karibu na mitetemo 200, huiita nene. Ikikosa kifua, huiita nyembamba. Nyingine husema inatokea puani. Fundi huyageuza maneno hayo kuwa vipimo, mara nyingi kwa ishara tu, wimbo ukiendelea. Istilahi hizi hazikuundwa na jopo lolote, lakini huamua kama mtu atapiga kwa utulivu au kwa kubahatisha. Wanaokusanya msamiati wa Kiswahili wa taaluma watapata mavuno wakifika ukumbini mapema, kabla ya hadhira, wawasikilize watu wawili hawa wakielewana: mmoja juu ya jukwaa akionja nyuzi, mwingine nyuma ya mitambo akiuliza, "Sasa je, wajisikia?"