Kaseti Niliyoifuta

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wengi wetu huikumbuka dukani, mbele ya muuzaji asiyeandika hesabu zake. Mimi imenifunza adabu nyumbani kwangu, hapa Shinyanga mjini, kwa jambo lisilohusu fedha wala magunia ya pamba. Ilihusu sauti ya kinanda.

Neno kinanda limebeba mengi. Kwa watu wa pwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Baadaye likahamia kwenye vinanda vya makanisani, na hata kwenye gramafoni ya kupigia santuri. Kinanda ninachokisimulia ni cha umeme, cha aina iitwayo sinthesaiza: Roland Juno-60, kilichoundwa Japani na kuanza kuuzwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata ilitoka Yamaha DX7, iliyounda sauti zake kwa tarakimu, na wanamuziki wengi duniani wakaikimbilia na kuyauza kwa bei nafuu yale ya zamani. Ndivyo marehemu kaka yangu alivyokipata chake mwaka 1988, kwa mwanamuziki mmoja wa Dar es Salaam. Aliuza ng'ombe wawili aliopewa na mama, akasafiri kwa treni kupitia Tabora, akarudi amekipakata magotini kikiwa kimeviringishwa kwa blanketi. Mama alikitazama kwa muda, kisha akauliza: "Ng'ombe wangu wawili ndio wamekuwa ubao huu?"

Kaka hakujibu. Alisubiri jioni, akakiunganisha na amplifaya ya kuazima, akaweka vidole sita juu ya vibao vyake. Ndugu msomaji, sauti ile sijaisahau. Ilikuwa pana na laini, kama watu wengi waimbao kwa kufumba midomo. Mama alikuwa akitoka shambani. Aliketi chini na jembe lake bado mkononi.

Baadaye kaka alinieleza siri yake. Sinthesaiza nyingi za mwanzo, kama Minimoog ya mwaka 1970, zilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Hii ilikuwa na njia sita za sauti, hivyo vibao sita viliweza kulia pamoja. Ukigusa cha saba, kimojawapo hakina budi kumwachia mwenzake nafasi. Sauti yenyewe ilikuwa umeme halisi uliopita katika mitambo yake, lakini kimo cha kila noti kiliongozwa na saa ya kidijitali, kwa hiyo hata joto letu la mwezi wa Oktoba halikuivuruga. Kisha sauti hiyo ilipita kwenye kichujio. Kaka alinifananishia na ndono, ule upinde wenye kibuyu wa wazee wetu wa Kisukuma. Mpigaji akikibana kibuyu kifuani, sauti hufifia na kuwa nzito; akikiachia, hufunguka na kung'aa. "Kichujio ndicho kibuyu chetu," alisema, "ila hiki kinasukumwa kwa kidole." Mwisho kulikuwa na vitufe vya korasi, vilivyoigawa sauti: moja ikaenda kama ilivyo, nyingine ikacheleweshwa kidogo na kuyumbayumba. Zikikutana sikioni huonekana kama umati, na nyuma yake husikika mchakato mdogo, kama mvua ya mbali juu ya bati.

Kinanda kile kiliweza kukumbuka sauti 56 ambazo mpigaji amezitengeneza mwenyewe. Lakini kumbukumbu hiyo hutunzwa na betri ndogo iliyomo ndani, na kila betri ina siku yake. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka nyuma tundu la kuunganisha redio kaseti. Kumbukumbu zote hugeuzwa mlio na kurekodiwa kwenye mkanda. Siku ya haja, mkanda hurudishwa, na kinanda hujisomea. Kaka alifanya hivyo. Sauti aliyoipenda kuliko zote aliiweka benki ya 2, nafasi ya 4, akaiita Magharibi, kwa sababu aliipiga kila mama aliporudi shambani.

Alifariki mwaka 2003. Kinanda tulikifunika kwa lile blanketi na kukipandisha juu ya kabati. Hakuna aliyewaza juu ya betri.

Miaka miwili baadaye nilitafuta kaseti ya kurekodia mpira redioni. Nikaokota moja isiyoandikwa kitu. Nilipoipiga, ilitoa kelele kali, kama redio iliyopotea stesheni. Nikajisemea imeharibika, nikarekodi mpira wangu juu yake. Sikumbuki hata nani alishinda.

Mwaka 2021 binti yangu, aliyekuwa ameanza kupiga kinanda kwaya, aliniomba tukiteremshe. Fundi redio wa mtaani alikisafisha na kukibadilishia betri. Kikawaka. Lakini benki ya 2, nafasi ya 4, ilitoa mlio usio na maana, na nyingine zote vivyo hivyo. Binti alisoma habari zake kwenye simu, kisha akaniuliza: "Baba, baba mkubwa hakuacha kaseti? Inasemekana husikika kama kelele."

Nilikaa kimya muda mrefu. Halafu nikamwambia ukweli. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

"Basi tuitengeneze upya," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa wema wa vinanda hivi vya zamani. Karibu kila sehemu ya sauti ina kijiti chake usoni, cha kusukuma juu au chini, na kila kijiti kikisogezwa sikio hupata habari papo hapo. Tulikuwa na ushahidi mmoja tu: kaseti ya harusi ya jirani, ambamo kaka anapiga kwa dakika moja hivi kabla ya sala. Mkanda ulikuwa umechakaa na kuyumba, na kwa kuwa korasi nayo huyumba, hatukuweza kupambanua lipi la kaka na lipi la uchakavu.

Tulihangaika jioni nyingi. Mama, ambaye amepita miaka themanini, alikaa mlangoni akichambua choroko, asiinue uso. Kila binti alipodhani amefika, bibi yake alisema: "Siyo yeye." Tulifungua kichujio, siyo yeye. Tukachelewesha sauti kupanda, ije taratibu kama mtu anayepumua, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Anakaribia." Jioni moja binti aliizima korasi ya pili, ile yenye kasi, akawasha ya kwanza, iendayo polepole. Akapiga.

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo.

"Hao," alisema, "ndio ng'ombe wangu."

Siwezi kuapa kwamba ni sauti ile ile. Kilichofutwa kimefutwa, nami ndiye niliyekifuta. Lakini usiku ule binti yangu alichukua daftari la shule, akachora uso mzima wa kinanda na mahali kila kijiti kiliposimama, akaandika juu yake: Magharibi, ya baba mkubwa. Nakala moja iko kabatini, nyingine kwa bibi yake, ambaye ameitia ndani ya Biblia.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna kaseti isiyo na jina, usiifute kabla ya kuwauliza wazee. Kisha chukua kalamu, uiandike jina.