Wifi ya Brussels na wifi yangu wa Tanga

Huku baridi imeshaanza kupiga hodi. Najua nimeadimika, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha, nilikuwa nahangaika na waya. Habari ya leo ni ya waya, na inamhusu zaidi wifi yangu wa Tanga, kwa hiyo aliye karibu naye amsomee mpaka mwisho.

Kwanza neno lenyewe. Nyumbani tunasema waifai. Hapa Brussels wanaoongea Kifaransa wanatamka wifi, vilevile kabisa kama tunavyomwita dada wa mume. Binti yetu, ambaye amezaliwa hapa, anamwita dada wa baba yake shangazi, kwa hiyo kwake wifi ni kile kisanduku chenye taa tu. Na ngeli zake bado hazijatulia. Jumapili moja tunaongea na bibi yake, picha ikaganda, naye akapiga kelele: "Mama, wifi amekufa tena!" Kumbe sauti ilikuwa bado inapita. Tukasikia kutoka Tanga: "Nani kafa? Mimi si huyu hapa!"

Tulicheka sana siku ile. Lakini wanaomfahamu mama mkwe wanajua hali yake. Miguu haimbebi, macho nayo yamefifia, na Jumapili ndiyo siku yake. Hataki sauti peke yake, anataka asogeze simu karibu na uso amwone mjukuu. Sasa wifi yangu anaamini kwamba ndani ya nyumba mtandao haushiki. Kwa hiyo kila Jumapili anamshika mama mkono, anamtoa nje hatua kwa hatua mpaka chini ya mwarobaini, anatanguliza kiti, mto na khanga ya kufunika miguu. Mawingu yakitanda anasimama na mwavuli. Na kila picha ikiganda anaomba radhi yeye: "Jamani mtusamehe, mtandao wa huku kwetu ndiyo hivyo." Wiki inayofuata ananunua bando kubwa zaidi. Hela ya bando hilo ni ya vitumbua, na vitumbua anaamka kuvichoma saa kumi alfajiri.

Imani hiyo haikutoka hewani. Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile tulipiga simu mpaka jioni, wapi! Mikongo ikatengenezwa, watu wakarudi mtandaoni, lakini simu yetu ya Jumapili haikupona. Kila mtu, huku na huko, akaona ni ugonjwa uleule wa baharini. Kilichosahaulika ni kwamba Machi ya mwaka huohuo sisi huku tulikuwa tumehama nyumba.

Niwaeleze nyumba yenyewe. Tuko Schaerbeek, ghorofa ya chini katika moja ya zile nyumba za zamani za matofali, za zaidi ya miaka mia. Ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma: sebule, kisha chumba cha kulia, kisha jikoni, vimefuatana kama mabehewa. Kila chumba cha mbele kina dohani yake, ingawa siku hizi hakuna anayewasha moto humo, na juu ya dohani kuna kioo kikubwa. Waya wa kampuni ya mtandao unaingia kutoka barabarani, na kisanduku wamekiweka sebuleni karibu na mlango. Sisi maisha yetu yako jikoni, ndiko kwenye joto na meza, na Jumapili ndiko ninakopika huku tunaongea na Tanga. Kati ya kisanduku na meza kuna mita kama kumi na nne, kuta mbili nene, dohani mbili na vioo vyake.

Jirani yetu wa juu ni mzee wa Bukavu aliyefanya kazi za simu miaka mingi. Yeye ndiye aliyesema tusibishane na bahari kabla ya kuuliza nyumba. Kompyuta ina amri inaitwa ping: inatuma ujumbe mdogo mahali fulani na kuhesabu muda mpaka jibu lirudi. Badala ya kuuliza Tanga, tuliuliza kisanduku chetu wenyewe, ambacho anwani yake humu ndani ni 192.168.1.1. Nikiwa jikoni, jibu moja lilirudi baada ya milisekunde tano, la pili mia nne, la tatu halikurudi kabisa. Tukabeba kompyuta mpaka sebuleni tukaichomeka kwa waya: moja, moja, moja, moja. Ujumbe ule haukutoka hata mlangoni, sembuse kufika Tanga. Yaani sura ya mama ilikuwa inapita chini ya bahari maelfu ya kilomita salama salimini, halafu inakuja kufia kwenye dohani ya chumba chetu cha kulia.

Mzee akanieleza kwa nini. Kisanduku kinarusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi ukutani. Ya 2.4 hupenya zaidi, ila huko ndiko majirani wote walikojazana. Nilihesabu majina ishirini na tatu kwenye simu yangu nikiwa nimesimama jikoni. Chaneli zimeandikwa 13 kwa hapa Ulaya, lakini zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Na kioo, kwa sababu ya ule utando wa madini nyuma yake, huyarudisha mawimbi kama kinavyorudisha uso wako.

Dawa ilikuwa waya. Lakini kutoboa ukuta hapa si mchezo. Ukipanga nyumba Ubelgiji mnaandika hali ya nyumba yote, kila mkwaruzo, na dhamana yako inakaa benki mpaka siku ya kutoka. Tundu moja la drili linaweza kukugharimu. Mzee akasema, "Mama, tupitishe ku kave." Mimi nikasikia "kukavu", na huko alikokusudia hakuna ukavu wowote: ni chumba cha chini ya ardhi, cave kwa Kifaransa, kunanuka unyevu mwaka mzima. Ila mabomba ya joto yanashuka huko kutoka sebuleni na kupanda tena jikoni, na pembeni ya kila bomba kuna upenyo. Waya unapita, kichwa chake hakipiti. Kwa hiyo tukanunua waya mtupu mita ishirini na tano kwenye duka dogo kule Matongé, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa (nikatoka pia na majani ya muhogo, huwezi kwenda kule ukarudi mikono mitupu), tukaupenyeza, halafu vichwa tukavifunga wenyewe.

Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyotarajia. Ndani ya waya mna nyuzi nane, mbili mbili zimesokotwa kama kamba, na msokoto huo ndio unaozuia kelele za umeme. Unazinyoosha, unazipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Jozi ya bluu imekaa katikati na kuitenganisha ya kijani, kwa sababu tangu zamani jozi ya katikati ilikuwa ya simu. Mzee alikuwa anataja rangi kwa Kifaransa, mimi nazirudia kwa Kiswahili, binti ameshika tochi. Koleo likibana, tik, unapima taa.

Jikoni sasa kuna kisanduku kidogo cha kugawanya waya, na juu yake kingine cha kurusha mawimbi palepale mezani. Kisichotembea tumekipa waya: televisheni, kompyuta ya kazi ya baba watoto, na kompyuta yangu ya zamani. Simu na tableti ya mtoto ndizo zinabaki hewani. Printa bado inanisumbua, na sina haraka nayo. Wageni nimewatengea mtandao wao na nenosiri lao, maana hapa mgeni anauliza wifi kabla ya kuuliza choo.

Jumapili mbili zilizopita tumeongea dakika hamsini bila kuganda. Mama alimwomba mjukuu afungue mdomo akahesabu mapengo, akayapata manne. Jumapili ya pili tulimwomba wifi ajaribu ndani, asimtoe mama. Alibisha, kisha akakubali, na picha ilikuwa ileile.

Kwa hiyo wifi yangu, bando kubwa acha. Lile la zamani, la kabla ya Mei ile, linatosha, na hela ya vitumbua ikae kwenye kopo lake. Mama akae kitandani kwake, dirisha lifunguliwe apate mwanga wa uso. Na ile "mtusamehe jamani" sitaki kuisikia tena.

Wote mjue pia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi huku tunarudisha saa nyuma. Sisi tutapiga saa nane mchana kama kawaida, ila kwenu haitakuwa tena saa tisa, itakuwa saa kumi. Mama asije akawekwa tayari mapema akachoka kusubiri.