Barazani kwetu, kusema "sijui" si aibu

Baraza letu ni sakafu ya saruji iliyoinuliwa mbele ya nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga. Kwa miaka mingi tumeketi hapo baada ya swala ya Isha, birika la kahawa katikati yetu na kashata kwenye sinia, tukizungumza yale ambayo mabaraza yote huyazungumza: mpira, siasa, bei ya nazi, na aliyefikwa na msiba mtaa wa pili. Hatukuwahi kudhani kwamba hapo hapo tungekuja kuulizana habari za jua, mbu na bahari, wala kwamba maswali hayo yangegusa jeraha ambalo mmoja wetu alikuwa amelificha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lilianza siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Huko Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kuona mwezi ukilifunika jua katikati, likabaki mfano wa pete. Kwetu Tanga halikufika kuwa pete. Lilimegwa likabaki kama hilali. Tulipotoka msikitini, baada ya Swala ya Kusuf, tuliwakuta watoto wameinama chini ya mwarobaini, wakishangaa. Mchangani, pale ambapo kwa kawaida mwanga hupenya majani na kuweka madoa ya mviringo, palikuwa na hilali ndogo ndogo mamia kwa mamia.

Mwalimu mmoja wa fizikia, jirani yetu, akawaeleza kwamba kila upenyo kati ya majani umekuwa tundu linalopitisha sura ya jua, na kwa kuwa jua limemegwa, sura yake nayo imemegwa. Kisha akatuambia jambo lililotufanya sisi wazee tusogee karibu: kwamba Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, aliandika risala nzima juu ya jambo hilo hilo, namna sura ya jua lililopatwa inavyoonekana mwanga wake unapopita katika tundu dogo. Miaka elfu moja imepita, na sisi ndiyo kwanza tunaliona chini ya mwarobaini wetu.

Mmoja wetu akauliza: "Kwa nini Rujewa iwe pete na hapa iwe hilali?" Mwalimu akaomba chungwa na sarafu. Akatuonyesha kwamba sarafu ndogo iliyo karibu na jicho huweza kulificha chungwa lililo mbali. Kwamba ukiisogeza mbele kidogo, ukingo wa chungwa huonekana pande zote. Na kwamba ukihamisha kichwa, chungwa hufunikwa upande mmoja tu. Siku ile mwezi ulikuwa mbali nasi kuliko kawaida yake, ndiyo maana haukutosha kulifunika jua lote, na sisi wa Tanga tulikuwa tumesimama pembeni mwa njia ya kivuli. Maswali yakafuatana mpaka adhana ya Adhuhuri ikatukatiza. Mtu mmoja akasema, "Basi tuendelee Jumamosi."

Si wote waliofurahi. Mzee wetu, mwenye nyumba ambayo baraza ni lake, alisema waziwazi kwamba baraza si darasa, na kwamba vijana wakizoeshwa kuuliza "kwa nini" juu ya kila kitu, mwisho wataliuliza hilo hata juu ya dini yao. Hatukumpuuza, kwa sababu hofu yake ilikuwa hofu ya mlezi. Tukampelekea imamu wetu shauri hilo.

Imamu hakutoa hotuba ndefu. Alitukumbusha tu habari mashuhuri ya siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (SAW). Jua lilipatwa siku hiyo hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto huyo. Mtume (SAW) akawakatalia: jua na mwezi ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. "Zingatieni," imamu alisema, "alikuwa mzazi katika siku ya huzuni, na watu wanampa heshima kubwa. Hata hivyo hakuiacha dhana isiyo kweli ipite." Mzee wetu alinyamaza. Baada ya muda akasema tuendelee, lakini yeye atakaa pembeni.

Hivyo likazaliwa baraza la maswali, Jumamosi moja kila mwezi. Kanuni zake ni chache. Mgeni mmoja anayejua fani yake huzungumza kwa kiasi cha dakika ishirini, bila mashine ya kuonyeshea picha na bila maneno ya kutisha. Kahawa huzungushwa. Kisha maswali, nayo ndiyo kiini cha usiku. Hakuna swali la kuchekwa. Jambo la hukumu ya kisheria hupelekwa kwa imamu, wala hatulikati sisi. Na mgeni asiyejua jibu husema "sijui". Kwa kanuni hii ya mwisho tulijipa moyo kwa habari za Imam Malik, ambaye inasimuliwa kwamba aliulizwa maswali mengi, na mengi kati ya hayo akayajibu kwa kusema hajui.

Baadaye tulikuja kufahamu kwamba wenzetu wa mbali walikuwa wametangulia. Mwaka 1992, mjini Paris, mwalimu wa falsafa Marc Sautet alianza kuwakusanya watu mkahawani wajadili falsafa. Mwaka 1998, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, Duncan Dallas, aliyekuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, aliichukua njia hiyo akaitumia kwa sayansi: mtaalamu mmoja, mazungumzo mafupi, mapumziko ya kinywaji, kisha watu wa kawaida waulize. Desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Tulitabasamu tulipoisikia, maana wao walihitaji mkahawa, na sisi baraza na kahawa tulikuwa navyo tangu enzi za mababu. Kilichopungua kwetu kilikuwa swali.

Tulipungukiwa na jingine pia, na ni haki tulikiri. Baraza lilikuwa la wanaume. Wake zetu na binti zetu walisikiliza kutoka ndani, nyuma ya dirisha lenye pazia, wakitutumia kahawa. Usiku mmoja mgeni alipouliza nani anajua kwa nini maziwa huganda, kicheko cha upole kilisikika dirishani. Tukatambua kwamba nusu ya wanaojua, na huenda zaidi ya nusu ya wenye maswali, wamekaa gizani. Tangu hapo ukumbi hufunguliwa, wanawake huketi ndani kwa stara yao, mgeni huketi mlangoni pa kuwasikia wote, na swali la kwanza hutoka ndani.

Usiku tunaotaka kuwasimulia hasa ulikuwa usiku wa degedege. Mgeni alikuwa muuguzi, binti wa mtaa wetu, tuliyemwona akikua. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa neno hilo lilivyobeba hofu. Tulilelewa tukiambiwa kwamba ni kitu kibaya kinachopita juu ya mtoto kama ndege, na kwamba mtoto aliyeshikwa hufukizwa kwanza, na hospitali baadaye. Muuguzi hakudhihaki. Alisema homa kali peke yake huweza kumtia mtoto mdogo mtukutiko, lakini pia mtukutiko huweza kuwa dalili ya malaria iliyofika kwenye ubongo, na kwa macho ya nyumbani hakuna awezaye kutofautisha. Akatueleza kwamba mwaka 1897, huko India, Ronald Ross alivikuta vimelea vya malaria ndani ya mbu. Na kwamba dawa ya artemisinini, ambayo leo ni msingi wa tiba ya malaria, ilipatikana miaka ya 1970 na bibi wa Kichina, Tu Youyou, aliyeanza kwa kupekua vitabu vya kale vya tiba za mitishamba za kwao. "Kwa hiyo sisemi miti si dawa," alisema. "Nasema lazima ipimwe, na mtoto anayetukutika hana muda wa kusubiri."

Swali la kwanza likatoka ndani. Tuliijua sauti: ni ya mke wa Mzee wetu.

"Mwanangu, nikuulize. Wa kwetu wa tatu alishikwa usiku. Tulimfukiza mpaka alfajiri. Alfajiri akaondoka. Tungemkimbiza usiku ule, angepona?"

Hakuna aliyeinua kikombe. Mzee wetu, pale pembeni alipojitenga, alikuwa ametazama mikono yake. Sisi tuliokaa naye miaka yote ile hatukuwahi kusikia habari za mtoto wa tatu.

Muuguzi angeweza kusema "ndiyo", akamtwisha mama yule mzigo wa maisha. Angeweza kusema "hapana, ilikuwa ajali yake", tukaitikia, na baraza likaisha salama bila mtu kujifunza kitu. Alisogea karibu na pazia, akasema:

"Sijui, bibi. Sikumwona mtoto, na hata daktari aliyemwona asingeweza kukuapia. Ajali iko kwa Mwenyezi Mungu. Ninachokijua ni kwamba mlifanya mlilolijua, kwa mapenzi. Na ninajua kwamba wa leo akishikwa, akakimbizwa mapema, wengi hupona."

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha Mzee wetu, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kuuliza swali hata moja, akasema kwa sauti kavu: "Tutajie hizo dalili. Polepole, watoto wasikie." Muuguzi akazitaja: mtoto anayetukutika, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka. Ukiona mojawapo, usingoje kuche. Mzee akawataka wajukuu wake wazirudie, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyorudia sura chuoni.

Usiku huo huo tulifahamishwa jambo lililotuumiza na kututia fahari kwa pamoja. Milimani Usambara, si mbali na mji wetu, kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa tangu mwaka 1902 katika utawala wa Wajerumani, na baadaye kikawa mahali pa kuchunguza malaria. Na chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021, ilijaribiwa pia Korogwe na Bagamoyo. Watoto wa mkoa wetu wamechangia elimu inayowafaa watoto wa bara zima. Elimu ilikuwa jirani yetu muda wote huo. Hatukuwa tumeikaribisha kahawa.

Miezi kadhaa ikapita. Usiku mmoja wa masika, mama kijana wa nyumba ya nne aligonga milango akilia, mtoto mikononi ametoa macho. Wapo waliotaja ubani. Mzee wetu alitoka na msuli wake, hakuuliza neno, akaenda mwenyewe hadi barabarani kutafuta bajaji, akampakia mama na mtoto, akapanda nao. Waliporudi siku ya nne, mtoto alikuwa akinyonya. Alhamdulillah. Hatudai kwamba baraza lilimponya. Aliyeponya ni Mwenyezi Mungu, na sababu zilikuwa dawa na wauguzi. Lakini usiku ule mtaa mzima ulijua la kufanya, na hatukuwahi kulijua kwa pamoja kabla ya hapo.

Familia zinazotuuliza namna ya kuanza, tunaziambia kwamba hakuna gharama zaidi ya kahawa. Tafuteni mtu mmoja mkweli: mwalimu, bwana shamba, nahodha, mkunga. Mpeni nafasi fupi na ninyi muwe na nafasi ndefu. Waketisheni wanawake mahali wanaposikika. Wala msimwalike tena yule anayejua kila kitu.

Jumamosi ijayo, insha'Allah, mgeni wetu ni mvuvi wa miaka arobaini pamoja na mwalimu yule wa chungwa na sarafu. Swali limeletwa na Mzee wetu mwenyewe: kwa nini bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na si siku nyingine? Amesema atakaa mbele.