Kikombe cha Tatu
Mwenzangu, umeshawahi kukaa sebuleni na mumeo jioni nzima bila neno? Sisi tulifika huko. Yeye na simu yake, mimi na tamthilia yangu.

Aliporudi safari ya Guangzhou, kwenye begi kulikuwa na kikopo kidogo. Si pochi wala manukato, majani ya chai! Nilinuna, siwafichi. Kumbe ni oolong, chai ya Fujian na Taiwan. Mmea ni ule ule wa chai yetu ya Mufindi, ila majani huachwa yageuke rangi nusu tu, ndipo yakaushwe. Hii ilitiwa maganda ya chungwa, mdalasini na karafuu.

Nikaichemsha na maziwa. Ovyo kabisa! Mume wangu akacheka, akaingia jikoni mwenyewe (miaka 6 ya ndoa, mara ya kwanza), akaimiminia maji ya moto, basi. Chungwa likatangulia puani, karafuu ikafuata kooni.

Majani yale yale tuliyatia maji mara tatu. Kikombe cha tatu ndipo akaniambia mzigo uliopita haujauzika, deni linamkaba, na alikuwa anaona aibu kunieleza.

Tuliongea mpaka saa 7 usiku. Deni bado lipo. Kikopo kimebaki robo. Safari ijayo alete viwili, na pochi asisahau.