Mama Alilala Mlangoni

Kwanza zilinijia nguvu nisizozielewa. Nilichuma majani chai tangu alfajiri, usiku silali, nawapigia watu simu nikiwaahidi mashamba. Kisha ikafika Julai, ukungu ukatanda kwetu Kianyaga, nami nikazama. Majirani walisema nimelogwa. Mama alisema huu ni ugonjwa, akanipeleka hospitali. Nikaambiwa ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nikaanzishiwa lithiamu. Ni dawa ya kupimiwa damu mara kwa mara: ikizidi ni sumu, ikipungua haisaidii, na figo lazima zichunguzwe. Namshukuru Mungu, nilipata nafuu. Nilirudi shambani, nikaimba tena kwaya.

Baadaye dawa ikaadimika. Duka hili hakuna, lile hakuna. Bonasi ya chai ilikuwa bado.

Ugonjwa ukarudi. Sikula. Sikuoga. Kuomba kulinishinda. Nilitaka kufa.

Usiku mmoja niliamka nitoke. Mama alikuwa ametandika godoro mlangoni. Alinishika mguu. Hakuniuliza kitu. Akaanza kuomba kwa Kikuyu, polepole, mkono wake haujaniachilia, hadi jogoo akawika.

Kulipokucha kaka aliuza mbuzi, akapanda matatu hadi Nairobi, akarudi na dawa.

Kule kliniki, Mama alisema nimekosa usingizi tu. Aliogopa polisi wangenikamata kwa kutaka kujiua. Daktari alielewa, akatueleza taratibu. Dawa hii, daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Tangu hapo imeonekana kwamba wenye ugonjwa wetu hufa mapema kuliko wengine, kwa kujitoa uhai na hata kwa maradhi ya moyo, na kwamba wanaodumu na lithiamu hujiua kwa nadra zaidi. Kuikatiza ghafla ndiyo hatari. Mama aliyasikia hayo akalia.

Mpaka leo ukungu wa Julai ukishuka, moyo hunidunda. Nameza tembe zangu, nakunywa maji ya kutosha, na dawa za maumivu sinunui kabla ya kuuliza, kwa kuwa baadhi yake huipandisha lithiamu mwilini.

Nawe unayesoma ukiwa gizani, ndugu yangu, usifiche kama tulivyoficha sisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mwambie mtu wa nyumbani leo, mwende naye kliniki, na mumweleze daktari yote.